Fuawe Inalia Mno: Jua Mlio Unakaa Wapi Kabla ya Kuuzima

Ukigonga fuawe, kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake, unasikia sauti mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kishindo cha nyundo kukutana na chuma. Hicho hupita upesi na hakina dawa, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Ya pili ni mlio unaobaki nyuma nyundo ikishainuka, ule mwembamba unaochoma masikio na kupenya kuta. Huo wa pili unaweza kupunguzwa sana, mara nyingi kwa vitu ambavyo tayari vipo karakana. Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia kubandika sumaku kwa sababu mwenzao kabandika, kisha wanashangaa mbona fuawe yao haijanyamaza.

Feleji iliyotiwa ugumu haimezi mtetemo. Ikipigwa hucheza mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu ile hutoka kidogo kidogo ikiwa sauti. Chuma cha kusubu cha kijivu ni tofauti: ndani yake mna vipande vyembamba vya grafaiti vinavyoutafuna mtetemo mapema. Ndiyo maana fuawe za Fisher & Norris wa Trenton, New Jersey, zilizokuwa na mwili wa chuma cha kusubu na bamba la feleji usoni, zilipata sifa ya utulivu tangu karne ya 19, ilhali Kohlswa za Uswidi, zilizomiminwa kwa feleji, hulia kama kengele. Zote ni fuawe za kutamaniwa. Anayekuambia kwamba fuawe isiyolia ni mbovu amechanganya mlio na mdundo. Ubora wa fuawe hupimwa kwa jinsi uso wake unavyoirudisha nyundo juu, na kuizima sauti hakupunguzi mdundo huo.

Anza kwa mkono

Ondoa kila kitu kilichoegemea fuawe: vifaa vilivyomo kwenye tundu la mraba, koleo lililotundikwa, brashi ya waya. Vaa miwani ya kazi na vizibo vya masikio. Weka kipande kidogo cha chuma laini juu ya uso, kisha gonga juu yake kwa nyundo ndogo. Nyundo ngumu ikigonga uso mgumu mkavu, hasa ukingoni, inaweza kurusha kipande chenye makali. Gonga katikati juu ya kiuno (sehemu ya kati ya mwili, kati ya uso na kitako), halafu juu ya kisigino (ile sehemu bapa inayojitokeza upande ulio kinyume na pembe), kisha rudi kwenye pembe (ile ncha ya mviringo iliyochongoka). Kila mara subiri hadi sauti iishe kabisa.

Sasa mwombe mtu agonge, wewe ubane kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine: chini ya kisigino, chini ya pembe, ubavu wa kiuno, ukingo wa kitako, mguu wa stendi. Kuna mahali mkono wako utaukata mlio ghafla. Weka alama kwa chaki. Dawa yoyote utakayotumia itafanya kazi hapo kuliko penginepo.

Mara nyingi alama hizo zitaangukia kisigino na pembe. Sehemu hizo mbili zimejitokeza hewani bila kushikwa na kitu, kwa hiyo ndizo zenye nafasi ya kucheza. Kiuno ni kinene na kiko juu ya uzito wote, hivyo hakichezi sana. Kumbuka jambo hili ukifika kwenye habari ya minyororo.

Inalia popote unapogonga, hata juu ya kiuno

Hapa shaka ya kwanza ni kitako. Fuawe imewekwa tu juu ya gogo au stendi, haijashikwa. Ingiza karatasi ngumu chini ya ukingo wa kitako na uizungushe pande zote nne. Ikipita kwa urahisi sehemu yoyote, hapo pana pengo. Kisha kandamiza kona mbili za kitako zinazokabiliana kwa zamu. Fuawe ikitikisika hata kidogo tu, umepata jibu. Usishtuke ukikuta katikati ya kitako pamebonyea. Fuawe nyingi zimetengenezwa hivyo ili zisimame kwa kingo zake.

Dawa ina hatua mbili na hakuna mkato: kwanza fuawe iguse kinachoibeba sawasawa, kisha ifungwe kwa nguvu.

Katika kugusa, hakuna kitu kinachonifurahisha kama silikoni ya kawaida ya kuzibia madirisha. Sawazisha juu ya gogo kwa randa au patasi ukiikagua kwa pimamaji, futa vumbi na mafuta kwenye kitako, halafu paka silikoni nyingi, kuanzia ukingoni na kupita katikati kwa mistari inayokatana. Shusha fuawe taratibu kwa msaada wa watu wa kutosha na uache uzito wake usukume ziada itoke pembeni. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, na uongeze siku au mbili, kwa sababu katikati ya kitako hewa haifiki upesi. Silikoni hubaki laini, hujaza kila pengo, na huugeuza mtetemo kuwa joto kidogo usilolihisi. Siku ukitaka kuhamisha fuawe, utaikata kwa waya mwembamba. Gundi ngumu ya epoksi hujaza mapengo pia, lakini ikishakauka huwa ngumu na kuupitisha mtetemo kwenda kwenye stendi, tena kuitoa ni balaa.

Mpira je? Mkanda mgumu na mwembamba, wa milimita 3 hadi 6, unafaa. Mpira mnene na laini haufai hata kama unanyamazisha, kwa kuwa fuawe itaruka kila unapopiga na sehemu ya nguvu yako itaishia kuibonyeza badala ya kufua chuma. Utachoka mapema na kazi haitasonga.

Bamba la risasi (ile metali laini na nzito) lilitumiwa na wengi kwa kazi hii na hufanya vizuri, lakini risasi ni sumu na huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu. Karakana yenye moto na magamba mekundu yanayoruka si mahali pake. Silikoni inatosha.

Baada ya hapo, funga. Misumari mirefu iliyopindwa juu ya miguu ya fuawe hushika kwa muda, kisha hulegea. Bora ni vipande vinne vya chuma bapa vinavyokandamiza miguu, vikifungwa kwa bolti ndefu au skrubu kubwa za mbao zenye washa pana. Ukitumia mnyororo, upitishe juu ya miguu na uuvute kwenda chini kwenye ubavu wa gogo kwa kikazio cha skrubu. Unaoizunguka fuawe kwa ulalo hauivuti chini, na kuivuta chini ndiyo kazi yake. Ukiugonga mnyororo kwa kidole, usicheze.

Kwa fuawe nyingi, hatua hizi mbili pekee hukata sehemu kubwa ya mlio. Ndiyo maana napendekeza zitangulie kabla ya sumaku, ingawa sumaku ni rahisi zaidi.

Katikati kumetulia, kisigino au pembe bado inalia

Huu ndio uwanja wa sumaku. Chukua sumaku kubwa ya spika mbovu na uibandike chini ya kisigino, karibu na ncha kadiri inavyowezekana bila kuziba matundu. Haiungani na chuma kama kitu kilichochomelewa. Inashikilia tu, na kila fuawe inapotetemeka sumaku hujisugua juu yake kwa miendo midogo isiyoonekana. Msuguano huo ndio unaokula mlio.

Isogeze sentimita moja moja huku mtu akigonga. Tofauti ya mahali pawili palipokaribiana inaweza kuwa kubwa, kwa sababu fuawe haichezi sawa kila sehemu. Ukishapapata, piga alama.

Sumaku hukusanya magamba ya chuma hadi inaota ndevu. Ivishe mfuko mwembamba wa kitambaa au ngozi. Ukitaka kuisafisha, vua mfuko na magamba yataanguka yenyewe. Sumaku ndogo zenye nguvu nyingi za neodimiamu zinafaa pia, lakini za kawaida huanza kupoteza nguvu zikifika kama nyuzijoto 80, na kisigino cha fuawe iliyofanya kazi kutwa kinaweza kupata moto. Zaidi ya hapo, zinabana vidole vibaya sana. Sumaku nyeusi za spika huvumilia joto kuliko hizo, na ni rahisi kuzishika.

Pembe ni ngumu zaidi kwa sababu ni ya mviringo na sumaku bapa haiigusi vizuri. Tafuta mahali chini yake, pale inapoungana na mwili, ambapo pana ubapa kidogo. Pasipokuwepo, ning'iniza mnyororo mzito uguse upande wa chini wa pembe kwa uzito wake wote.

Na minyororo kwa jumla: watu wengi huuzungusha kiunoni na kuuacha hapo. Kiuno ndicho sehemu isiyocheza, kwa hiyo mnyororo uliobana hapo peke yake hausaidii sana. Husaidia pale pete zake zinapopanda na kugusa chini ya kisigino na chini ya pembe. Uliolegea nao huongeza kelele yake, kwani kila pigo linazifanya pete zigongane.

Nimeweka sumaku, sioni tofauti

Rudia jaribio la mkono. Kiganja kikikata mlio mahali pengine tofauti na sumaku ilipo, ihamishe. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kiganja kisipokata mlio popote kwenye fuawe, basi mlio hautoki kwenye fuawe, nenda kwenye sehemu ya stendi hapa chini.

Mahali pakiwa sahihi, kagua mgusano. Rangi nene, kutu na magamba huizuia sumaku kukaa bapa. Kwangua hadi uone chuma. Kisha angalia ukubwa: sumaku ya redio ndogo haitaituliza fuawe ya kilo 150. Weka mbili au tatu, moja kila upande wa kisigino. Ikishindikana kabisa, chonga kipande cha mti mgumu kiingie kwa kubana kati ya upande wa chini wa kisigino na gogo, ukisukume kama kabari pamoja na kipande cha ngozi juu yake. Si kizuri kwa macho, ila kinafanya kazi.

Ilikuwa imetulia, sasa imeanza tena

Fuawe haibadiliki, kilichobadilika ni kilicho chini yake. Gogo bichi hukauka, husinyaa na kupasuka, na bolti zilizokuwa zimebana zinabaki zimeshika hewa. Kaza kila moja, kisha kaza tena baada ya wiki chache hadi mti utulie. Gogo likipasuka, lifunge kwa pete ya chuma iliyovikwa ikiwa ya moto au kwa bolti ndefu inayopita upande hadi upande.

Kama bolti zimebana, angalia magamba. Fuawe iliyokaa bila silikoni humeza vumbi la chuma chini ya kitako kwa miezi, hadi inainuka upande mmoja. Inua, fagia, weka silikoni.

Sauti ya kukereketa, zzz, juu ya mlio

Hiyo ni sauti ya kitu kilicholegea, na wala si kosa la fuawe. Zima kimoja kimoja: patasi iliyoachwa ndani ya tundu la mraba, rafu ya koleo iliyochomelewa kwenye stendi, washa moja, kichwa cha nyundo kinachocheza kwenye mpini. Kifaa kinachokaa kwenye tundu la mraba kikiwa kimelegea, zungushia shina lake kipande cha bati jembamba, au kiondoe usipokitumia. Kichwa cha nyundo kikicheza, acha kazi hadi ukigongee kabari mpya.

Ukikuta kila kitu kimebana na bado inakereketa, soma sehemu ya ufa.

Stendi ndiyo inayolia

Stendi za mabomba ya mraba hupendeza na ni rahisi kuzibeba, lakini mabomba matupu huitikia kila pigo. Utajua kwa kukandamiza mguu wa stendi: mlio ukipungua, nguvu imeshaingia humo.

Jaza miguu mchanga mkavu. Mchanga ukitikiswa, punje husuguana, na mlio hufa humo. Jaza hadi juu huku ukigonga pembeni ili ushuke, kisha ongeza, kwani mguu uliojaa nusu huitikia nusu. Maliza kuchomelea kwanza ndipo ujaze, maana mchanga wenye unyevu ukifungiwa ndani ya bomba linalochomelewa hutoa mvuke, na mvuke uliokosa njia hupasua. Ziba kwa kofia ya bolti au ya mbao.

Kati ya bamba la juu la stendi na fuawe weka ubao mgumu au silikoni, chuma kisikae moja kwa moja juu ya chuma. Chini ya miguu weka vipande vya mkanda wa mpira mgumu ikiwa sakafu ni ya zege, na hakikisha miguu yote inagusa. Stendi ya miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, na kwa hilo pekee naipenda kuliko ya minne.

Sanduku la mbao nzito lililojazwa mchanga, fuawe ikiwa imezama humo hadi juu ya miguu, hunyamazisha kuliko njia nyingi. Ubaya wake ni uzito, na fuawe hushuka kidogo kidogo inapofanyiwa kazi, kwa hiyo lazima uisawazishe mara kwa mara.

Fuawe ya reli

Kipande cha reli kilicholazwa kama kilivyokuwa njiani hulia vibaya kuliko fuawe yoyote halisi. Kina kichwa juu, kitako chini, na shingo nyembamba katikati inayocheza kwa uhuru. Jaza pande zote mbili za shingo kwa vipande vya mti mgumu vilivyochongwa vikae bila pengo, uvibane kwa bolti zinazopita kwenye matundu ya reli.

Bora zaidi, isimamishe wima. Zika sehemu ya chini ndani ya gogo, ufanyie kazi juu ya ncha. Eneo la kupigia litakuwa dogo, lakini chuma chote kitakuwa moja kwa moja chini ya nyundo. Kelele hupungua na pigo huingia vizuri zaidi, kwa hiyo sioni sababu ya kuilaza isipokuwa unahitaji urefu.

Inalia ninapofua tu, jaribio halionyeshi shida

Tazama kipande unachofua. Kikiwa kimepinda na kugusa uso sehemu mbili tu, kila pigo hukifanya kiupige uso wa fuawe kwa mara ya pili, na mkono unaoshika koleo utauhisi mchomo. Kinyooshe kwanza, au shusha mkono hadi kilale bapa.

Chuma kikiwa chekundu kinavyotakiwa, hupokea pigo kwa ulaini. Kikipoa, pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye fuawe. Kelele zikianza kupanda katikati ya kazi, ni dalili kwamba umechelewa kurudisha kipande motoni. Kazi nzito ifanye juu ya kiuno. Na ile tabia ya kugonga uso mtupu kati ya pigo na pigo ili kupumzisha mkono, huo ndio mlio mkali kuliko wote, na haufui chochote.

Sehemu moja ya uso imekufa sauti

Hapa mambo ni kinyume, na hii ndiyo dalili ya kuogopa. Fuawe inayolia kote lakini inatoa sauti bubu au ya kukereketa mahali pamoja inaweza kuwa na ufa, au bamba la uso limebanduka kutoka kwenye mwili. Dondosha gololi ya beringi ya milimita 25 kutoka urefu wa sentimita 25 na uangalie inavyorudi, ukipita uso mzima. Ikirudi sentimita 18 hivi au zaidi, uso ni mgumu vizuri. Mrudio ukipungua ghafla mahali pamoja, pale pana kasoro. Juu ya kisigino kupungua kidogo ni kawaida.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua fuawe kuukuu, na umwombe muuzaji aondoe sumaku na minyororo kwanza, maana dawa za kelele huficha sauti ya ufa. Usijaribu kuuchomelea bila ujuzi wa kupasha fuawe nzima moto. Joto la kuchomelea hulegeza ugumu wa uso pembeni mwa ufa.

Fuawe imetulia, majirani bado wanalalamika

Sasa ni kishindo na chumba. Kuta tupu na paa la bati hurudisha sauti. Ning'iniza mablanketi mazito ukutani mbali na moto, sogeza fuawe isikae pembeni ambapo kuta mbili zinakutana, na usielekeze mlango wazi upande wa jirani. Kupanga saa za kazi nzito husaidia kuliko blanketi lolote.

Masikio

Fuawe iliyotulizwa bado inapiga kishindo kinachoumiza. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15, na fuawe isiyotulizwa hufika huko bila shida. Anayesaidia na anayetazama wavae pia. Vizibo vya povu vibinywe vyembamba, viingizwe huku sikio likivutwa juu na nyuma, kisha vishikiliwe hadi vivimbe. Kizibo kilichochomekwa nusu hakizuii kitu. Kwa kuwa ukivivaa hutasikia kichwa cha nyundo kikianza kulegea, kikague kwa mkono kila unapoanza kazi na kila unaporudi kutoka mapumzikoni.